Maswali ya Wasomaji: Mtoto Anasoma Vizuri, Hesabu Zinamkataa

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mwanangu wa kiume ana miaka tisa na yuko darasa la tatu katika shule moja hapa Tabata. Kusoma anasoma, tena gazeti la baba yake hulisoma kwa sauti na kunisimulia habari zilizomo, lakini hesabu zimemkataa kabisa. Juzi nilimpa noti ya shilingi 2,000 akanunue vitumbua sita vya shilingi 200 kila kimoja. Alirudi na chenji ya shilingi 300, na nilipomuuliza ilipaswa kubaki shilingi ngapi alinitazama tu, machozi yakimlengalenga. Mwalimu wake anasema ni mvivu na humchapa. Baba yake amemlipia tuisheni ya kukariri tebo kila jioni, na kukicha tebo zote zimeyeyuka. Je, mwanangu ana upungufu wa akili? Na ubongo wa mtoto hujifunzaje hesabu, hata dada yake aweze bila taabu na yeye ashindwe?
Mama wa watoto watatu, Tabata

JIBU: Marahaba, mama. Nianze na lile linalokuumiza zaidi. Mtoto anayesoma gazeti na kusimulia alichokisoma hana sababu ya kuitwa mwenye upungufu wa akili, na ukweli kwamba kusoma kunakwenda huku hesabu zimekwama ni dalili muhimu, kwa kuwa mvivu wa kweli angetega katika masomo yote mawili.

Hesabu haianzi shuleni. Mwaka 1992 mtafiti Karen Wynn wa Marekani aliwaonyesha watoto wachanga wa miezi mitano mwanasesere mmoja, akamfunika kwa kiambaza, kisha mbele ya macho yao akaingiza wa pili nyuma ya kiambaza hicho. Kiambaza kilipoondolewa na kukaonekana mwanasesere mmoja tu badala ya wawili, watoto walikodoa macho kwa muda mrefu zaidi, kama mtu aliyeona jambo lisilowezekana. Kwa hiyo mtoto huzaliwa na hisia fulani ya wingi: huona vitu viwili au vitatu kwa mara moja bila kuvihesabu, na vikiwa vingi hukisia tu kwamba fungu hili limezidi lile. Hisia hiyo hutegemea sana sehemu ya ubongo iliyo juu na nyuma kidogo ya masikio, katika pande zote mbili za kichwa.

Kazi ya nyumbani na shuleni ni kujenga juu ya msingi huo, na ujenzi wenyewe ni wa kufunga pamoja vitu vitatu ambavyo mtafiti Mfaransa Stanislas Dehaene amevieleza kwa muda mrefu: wingi wenyewe, neno tunalolitamka, na alama tunayoiandika. Vitumbua vitano mezani, neno "tano" na tarakimu 5 ni vitu vitatu tofauti kwa ubongo wa mtoto, na kuvifunga ni kazi ya miaka. Mtoto wa miaka mitatu anaweza kuimba moja hadi kumi bila kukosea, lakini ukimwambia "nipe vijiti vinne" anakukabidhi konzi nzima. Kwake bado ni wimbo. Kuelewa kwamba neno la mwisho alilolitaja ndilo jumla ya vijiti vyote huja kwa wengi wanapokaribia miaka minne.

Baada ya hapo njia nayo hubadilika. Ukimpa mtoto 8 kujumlisha 5, mwanzoni atahesabu vyote kuanzia moja. Baadaye ataanza na nane na kuendelea, tisa, kumi, hadi kumi na tatu. Hatimaye jibu litamjia lenyewe. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwapima watoto wa miaka saba hadi tisa mara mbili, kwa muda uliozidi mwaka kidogo baina ya vipimo, na katika matokeo yao ya mwaka 2014 walionyesha kwamba watoto walipoacha kuhesabu na kuanza kukumbuka, hipokampasi, yaani ile sehemu ya ndani ya ubongo inayohifadhi kumbukumbu mpya, ilifanya kazi zaidi. Kwa watu wazima haifanyi kazi kubwa hivyo katika hesabu hizo, kwa kuwa jibu limekwisha kupata makao mahali pengine.

Hapa ndipo tebo za mwanao zinapoyeyukia. Arobaini na mbili, arobaini na nane na hamsini na sita hufanana masikioni, na mtoto anayezikariri bila kuona wingi nyuma yake ni sawa na mtu anayekariri namba za simu za watu asiowajua. Jioni atazitaja zote; asubuhi hazina pa kushikia.

Wapo watoto ambao ule ufungaji wa vitu vitatu huwa mgumu kupita kawaida, ingawa wana akili timamu na wamefundishwa kama wenzao. Hali hiyo huitwa diskalkulia, na Ladislav Kosc wa Chekoslovakia aliieleza kwa undani mwaka 1974. Makadirio mengi huitaja kwa watoto kati ya 3 na 7 katika kila 100, maana yake ni kwamba katika darasa la watoto 100 si ajabu kuwakuta kadhaa, na mara nyingi hakuna aliyewahi kuwatambua. Huwapata wavulana na wasichana, na wengine huwa nayo pamoja na ugumu wa kusoma au wa kutulia.

Siwezi kusema kwa barua kwamba mwanao anayo. Unaweza, hata hivyo, kumtazama kwa karibu. Weka vizibo vitatu vya soda juu ya meza, uvifunike kwa kiganja, uvifunue vyote, kisha umuulize ni vingapi. Mtoto wa umri wake hujibu papo hapo. Akivigusa kimoja kimoja, liandike hilo. Muulize kati ya 6 na 9 ipi ni kubwa, na utazame kama anajibu mara moja au anaanza kunong'ona kutoka moja. Mwambie ahesabu kurudi nyuma kutoka ishirini. Mchoree mstari, sifuri mwanzo na mia mwisho, umwambie aonyeshe ilipo hamsini. Majibu hayo, yakiandikwa kwa wiki mbili tatu, yatamsaidia mtaalamu kuliko ripoti ya shule inayosema "ajitahidi".

Kabla ya yote apimwe macho na masikio. Kumbuka pia historia ya afya yake: malaria iliyopanda kichwani huwaachia baadhi ya watoto ugumu wa kujifunza, na selimundu inaweza kudhuru mishipa ya damu ya ubongo bila dalili ya wazi. Kama kuna lolote kati ya hayo, liseme kliniki. Kwa upande wa shule, ulizia mwalimu mwenye mafunzo ya elimu maalumu, kwa mfano waliopitia Chuo cha Ualimu Patandi kule Arusha. Baadhi ya shule za msingi za serikali hapa mjini zina vitengo vya elimu hiyo.

Nyumbani, simamisha tebo kwa sasa. Baba atanisamehe, lakini ile ada ya tuisheni ingenunua mayai. Trei la mayai lina mashimo 30, sita kwa matano. Likate ubaki na safu mbili za matano, yaani mashimo kumi. Mwambie mtoto ajaze vizibo vinane. Ataona mashimo mawili yako wazi. Mpe vizibo vingine vitano: viwili vinaziba mapengo, vitatu vinabaki nje, na jibu limekaa mezani likionekana, kumi na tatu. Ndipo aandike 13, chini ya vizibo vyenyewe. Dakika 20 kwa siku zinatosha, na mnaacha kabla hajachoka. Vitumbua navyo vina somo lake: panga sarafu kumi za shilingi mia mbili kwenye trei hilo, aondoe moja kwa kila kitumbua, azihesabu zilizobaki. Ni nne, shilingi 800.

Mabadiliko hayo huonekana hata ndani ya ubongo. Mwaka 2015 watafiti wa Stanford walichapisha matokeo ya watoto wenye ugumu wa hesabu waliofundishwa mmoja mmoja kwa wiki nane. Kabla ya mafunzo, bongo zao zilihangaika kwa kutumia sehemu nyingi kupita kiasi katika hesabu ndogo. Baada ya wiki hizo nane, utendaji wake ulikaribiana na wa wenzao. Katika kazi nyingine ya mwaka huohuo, mafunzo ya namna hiyo yalipunguza pia woga wa hesabu, na amigdala, sehemu ya ubongo inayohusika na hofu, ikatulia.

Hilo la hofu ndilo ningependa mwalimu wake alisome. Mtoto anapokokotoa hushikilia namba chache akilini kwa sekunde chache, na nafasi hiyo ni finyu. Anayeogopa fimbo huijaza nafasi hiyo kwa fimbo. Nenda shuleni na daftari la vizibo mkononi, uzungumze naye kwa upole, na umwombe ampunguzie idadi ya maswali na kumwongezea muda.

SWALI: Ninafundisha darasa la kwanza katika shule moja wilayani Temeke. Mkuu wangu wa taaluma ameagiza tuwakataze watoto kuhesabu kwa vidole, kwa kuwa eti vinadumaza ubongo. Je, ni kweli?
Mwalimu, Temeke

JIBU: Si kweli, mwalimu mwenzangu. Vidole na hesabu ni majirani ndani ya ubongo. Mwaka 1924 daktari Josef Gerstmann wa Vienna alieleza habari za mgonjwa aliyeshindwa kutambua vidole vyake mwenyewe, na matatizo ya namna hiyo yalionekana pamoja na kushindwa kukokotoa. Mtoto wa miaka sita anayetumia vidole ana vizibo kumi asivyoweza kuvisahau nyumbani. Mfundishe kuvitumia vizuri: aonyeshe saba kwa mpigo, mkono mzima na viwili, badala ya kuinua kimoja kimoja. Atakayeendelea kuhesabu yote kwa vidole hata darasa la nne, huyo mchunguze kama nilivyoeleza hapo juu, usimfunge mikono.

SWALI: Mjukuu wangu anasoma Ingilishi Midiamu. Kwa Kiswahili anahesabu vizuri, kwa Kiingereza anachanganya kumi na tatu na thelathini, na saa ndiyo inamvuruga kabisa. Je, lugha mbili zinamharibu?
Babu, Kigamboni

JIBU: Shikamoo, mzee wangu. Hazimharibu. Kiswahili kimempa zawadi: "kumi na tatu" husema chenyewe kwamba ni kumi, na tatu juu yake, wakati Kiingereza kina maneno ya pekee kwa kumi na moja na kumi na mbili, na huwachelewesha hata watoto wa Waingereza wakilinganishwa na wa Kichina, ambao lugha yao imepangwa kama yetu katika namba hizo. (Enzi zenu kumi na mbili mliiita thenashara, nayo ilikuwa ya kukariri vilevile.) Kwenye makumi hatuna cha kujivunia sana: sitini na sabini zinasikika kutoka sita na saba, lakini nani angesikia mbili ndani ya ishirini, au nne ndani ya arobaini? Mwambie kwanza "makumi manne", kwa mafungu ya vijiti kumi kumi vilivyofungwa kwa mpira, ndipo umpe jina arobaini, na mwisho lile la Kiingereza.

Kuhusu saa, mjukuu wako hana kosa. Mshale uko kwenye 7, nyumbani mnamwambia ni saa moja, shuleni anaambiwa ni saba. Mweke mbele ya saa ya ukutani umwonyeshe kwamba 1 inatazamana na 7, 2 inatazamana na 8, hadi mzunguko uishe, na kwamba saa ya nyumbani husomwa upande wa pili wa mshale mfupi. Akiwa ametatizika sana, shikeni moja kwa mwezi mzima, ile anayoulizwa shuleni, na nyumbani mseme tu "asubuhi" na "baada ya adhuhuri" mpaka aizoee.