Nyanya za moyo wa ng'ombe: usiwahi kung'oa mche mwembamba

Ukisia nyanya za asili kama Anna Russian na Cuore di Bue, zenye umbo la moyo, au Opalka iliyo ndefu, kwenye trei moja na Cal J, aina ya kawaida ya biashara, mapema tu utaona tofauti. Cal J inasimama imara, shina nene. Hizi za asili zina shina jembamba na majani yaliyochongoka, yanayoning'inia kana kwamba zina kiu. Ndivyo zilivyoumbwa. Hapo ndipo wageni wanapoharibu: anayeona udhaifu anang'oa, anayeona kiu anamwaga maji, wa tatu anakimbilia mbolea ya urea.

Mche uliorefuka kwa kukosa mwanga ni kitu kingine. Huo una rangi iliyofifia, jani na jani vimeachana sana, na umeinamia upande wa mwanga. Dawa yake ni jua, na wakati wa kupandikiza unaufukia hadi karibu na majani ya kwanza. Shina lililofukiwa litatoa mizizi.

Shambani, kagua saa kumi na mbili asubuhi, si mchana. Chomeka kidole sentimita 5. Udongo ukiwa na unyevu na ncha ya mche imesimama, achana nao hata kama majani yamelegea. Ncha ikiwa imelala na udongo umelowa, kata kipande cha shina karibu na ardhi, kishikilie ndani ya glasi ya maji safi kwa dakika chache. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka, huo ni mnyauko bakteria. Ng'oa na mizizi yake, usiutupe kwenye mboji, wala usirudishie hapo nyanya, bilinganya, pilipili au viazi mviringo.

Mbolea iwe ya kiasi: viganja viwili vya samadi iliyooza vizuri kwa shimo, kisha kifuniko kimoja cha soda cha mbolea ya dukani ya NPK 17-17-17 kwa mche matunda ya kwanza yakishashika. Naitrojeni ikizidi utapata majani mengi, maua machache, na matunda yanayooza kitako, hasa Opalka na nyingine ndefu. Kumwagilia kwa kurukaruka nako kunaleta kuoza kitako, kwa hiyo weka matandazo.

Simika mti wa mita 2 siku ileile ya kupandikiza, nafasi sentimita 60 kati ya mche na mche. Tunda moja linaweza kupita gramu 300 na tawi lake ni jembamba, basi funga chini kidogo ya kila kishada cha matunda kwa ukanda wa kitambaa, mzunguko wa namba nane. Kamba ya katani inakata shina.

Kupogolea ndiko kunakofundishwa vibaya. Ushauri wa shina moja unafaa nyanya zenye majani mengi. Hizi za majani haba ukizivua nguo, jua linaunguza matunda: doa jeupe linatokea upande unaopigwa na jua, kisha ngozi inakuwa kama karatasi. Acha mashina mawili au matatu, ondoa majani yanayogusa ardhi tu. Jua likiwa kali mno, tandika neti ya kivuli ya asilimia 30.

Za kuhifadhi mbegu, chagua matunda kutoka miche kadhaa, maana tunda moja lina mbegu chache. Vundika mbegu na majimaji yake siku 2 hadi 3, osha, kausha kivulini. Msimu ujao, kwenye trei ya miche miembamba ukaona mmoja mnene uliojaa afya, huo ndio wa kutilia shaka. Huenda nyuki alipitia Cal J kwanza, mbegu ikachanganyika.