Kimetua au kimeanguka?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Kijiweni kwetu Isevya, Tabora, tumebishana hadi kahawa ikapoa. Februari 2024 chombo cha Odysseus kilifika mwezini kikalala ubavu, lakini redio ikasema "kimetua". Mwenzangu anashikilia kwamba kilicholala ubavu kimeanguka. Nani mkweli?

JIBU: Marahaba. Wanyamwezi kubishania mwezi, hilo halinishangazi. Redio ilisema kweli, ila iliishia njiani.

Tua lilikuwa neno la mzigo kabla ya kuwa neno la ndege. Mama akitoka kisimani na ndoo kichwani, akifika mlangoni humwita mtoto: "Njoo unitue!" Ndiyo maana tunasikia kila siku habari za kumtua mama ndoo kichwani. Neno kituo nalo limezaliwa humo: mahali wapagazi wanapotua mizigo, na Tabora yenu inavijua vituo hivyo tangu enzi za misafara ya pembe.

Anayetua anashuka kwa kukusudia. Anayeanguka hakukusudia kitu. Odysseus, cha kampuni ya Intuitive Machines, kilishuka kikijizuia kwa injini yake, kikagusa udongo kwa kasi kupita ilivyotakiwa, mguu ukavunjika, kikainama. Basi semeni: "Kilitua, kikalala ubavu." Hiyo -ka- ndiyo iliyosahauliwa redioni. Ndoo ikishatuliwa kisha ikapinduka, utasema mama kaiangusha?

Mwenzako akitaka mfano wa kuanguka, upo: chombo cha kampuni ya ispace ya Japani, Aprili 2023, kiliishiwa mafuta kingali juu, kikaporomoka. Na mfano wa kutua barabara ni chombo cha Blue Ghost cha kampuni ya Firefly: tarehe 2 Machi 2025 kilisimama kwa miguu yake minne, kisha kikafanya kazi na vifaa 10 vya NASA kwa mchana mzima wa mwezini, yaani kama siku 14 za kwetu. Nimeandika "wa mwezini" makusudi. Ningeandika "mchana wa mwezi" mngeniuliza mwezi gani, Machi au Aprili.

La mwisho, maana nimeliona gazetini: wahandisi hawa­kukituza chombo. Kutuza ni kumpa mtu zawadi. Wamekitua. Kukituza kungoje kwanza kilete vipimo.