Mwalimu wa kuzamia, acha kukariri

Divemasta (kiongozi wa wazamiaji) mmoja wa Nungwi, Zanzibar, ameniandikia. Anaanza kozi ya ualimu wa kuzamia, baharini hana wasiwasi, ila akisimama mbele ya wanafunzi maneno yanamkauka mdomoni. Tatizo hilo limewakumba vijana wengi wa pwani yetu, na chanzo chake kinajulikana: wanakariri maelezo ya Kiingereza neno kwa neno, likipotea moja yote yanakwenda nalo.

Lieleze somo kwanza kwa Kiswahili, kwa sauti, kwa mtu asiyezamia. Akikuuliza swali, hapo ndipo maelezo yako yana tundu. Ukishaeleweka, yaseme hayo hayo kwa Kiingereza chepesi, wazo moja kwa kila sentensi. Mtaliano aliyekaa mbele yako naye Kiingereza alijifunza shuleni.

Kwenye boti ya kwenda kisiwa cha Mnemba, mwombe nahodha azime injini. Jua likupige wewe usoni, wageni waligeuzie kisogo, na upepo utoke kwako kwenda kwao. Vua miwani ya jua wayaone macho yako. Dakika 5 zinatosha: kina cha mwisho, muda, namna ya kuingia na kutoka majini, njia mtakayopita, kiasi cha hewa ambacho mtu akikifikia akuarifu, kusimama kwenye kina cha mita 5 kwa dakika 3 kabla ya kutoka, na mtu akipotezana na mwenzake atafute kwa dakika 1 tu kisha apande taratibu. Habari za kasa ziwekwe mwanzoni, maana ukizitaja mwishoni ndizo pekee watakazozikumbuka.

Usiulize “Mmeelewa?” Wataitikia tu, kwa adabu au kwa aibu. Uliza: “Ukibakiwa na baa 50 za hewa mtungini utanionyesha nini?” Anayejua atakunja ngumi na kuiweka kifuani. Ishara ya kuwazoesha zaidi ni dole gumba. Nchi kavu ni “safi”, chini ya maji ni “tupande juu”, na mwanafunzi mwenye furaha atakuinulia dole bila kufikiri. Wafanye warudie alama ya “sawa”, kidole cha shahada na gumba vikiungana duara, kabla hata hawajavaa mitungi.

Chini ya maji mwili wako ndio ulimi wako. Chukua zoezi la kutoa maji kwenye barakoa. Mzoefu hulimaliza kwa sekunde 2, na mwanafunzi haoni kitu. Ingiza maji hadi nusu ya kioo, utulie, uvute pumzi mbili kwa mdomo. Gusa pua yako kwa kidole. Bonyeza fremu ya juu kwa vidole, inua uso kidogo, kisha toa hewa kwa pua polepole hadi maji yaishe. Kosa kubwa la wanaoanza ni kutoa hewa kwa mdomo. Usipogusa pua hawajui hewa imetokea wapi.

Wakati wao wakifanya, tazama macho na mapovu. Macho yaliyotoka, mapovu yasiyokatika na mkono unaoparamia barakoa ni hofu, hata kama vidole vinaonyesha “sawa”. Sogea, shika jaketi lake la kuelea, mwonyeshe mkono unaoshuka taratibu: pumua. Masikio nayo yaulizie kila mita, tangu juu, kwa sababu katika mita 5 za kwanza tu mgandamizo huongezeka kwa nusu.

Kuna neno moja la kusema bila tabasamu wala utani: usizuie pumzi kamwe. Hewa iliyozuiwa hupanuka mtu anapopanda na kuchana mapafu. Mwalimu anayelipitisha hili harakaharaka, nasema wazi, hajawa mwalimu, hata awe na cheti.

Mkirudi botini, taja jambo moja mwanafunzi alilofanya vizuri, kwa jina lake: “uliinua uso kwa wakati wake”. Halafu kosa moja, sababu yake, na cha kufanya safari ijayo. Makosa mengine yaandike kwenye kibao chako, uyashughulikie kesho.