Picha ipi itangulie?

SWALI: Assalaam aleikum, Bi Mkubwa. Sisi ni vijana wa Kisauni, na kila baada ya Isha tunakaa maskani kupiga soga. Siku hizi mjadala ni mmoja: kila mtu ataje picha zake bora za sinema, ya kwanza hadi ya tano. Mimi nimetanguliza Sholay kwa sababu babangu ndiye aliyenionyesha. Mwenzangu anasema picha ya mwaka 1975, tena ya saa tatu na zaidi, haina nafasi leo, na isitoshe Kihindi chenyewe sikijui. Tumebishana hadi kahawa ikapoa. Tuamulie: kipimo ni kipi? Na kwako wewe ya kwanza ni ipi?
Kijana wa Kisauni

JIBU: Wa aleikum salaam, mwanangu. Hilo la lugha mwambie mwenzako aliache. Mama zetu wa Kuze hawakujua Kihindi, na walikuwa wakitoka sinema ya Regal au Naaz wanaisimulia picha nzima barazani huku wanachambua mchele: nani kamdhulumu nani, mama mkwe kasema nini, machozi yalianzia wapi. Hata hilo la umri wa picha halina uzito. Lakini wewe nawe, kwamba baba ndiye aliyekuonyesha ni sababu ya kumpenda baba. Picha inataka sababu yake.

Kipimo changu ni hiki. Mtu akinitajia picha yake ya kwanza, namwambia anipe kipande kimoja tu, anieleze kimefanya nini. Asipokuwa nacho, basi anapenda jina.

Kwa Sholay kipande changu ni cha shali. Majambazi wa Gabbar wamevamia kijiji siku ya sherehe, Jai na Veeru, vijana wawili waliokodiwa na Thakur, bwana wa kijiji, wamkamate Gabbar, wamebanwa, bunduki iko chini miguuni pa Thakur, naye amesimama tu. Hainami, haiokoti. Vijana wanamjia juu: wewe ni mwanamume gani? Hapo ndipo anaposimulia jinsi Gabbar alivyoiua familia yake, mpaka yule mtoto mdogo, na yaliyompata yeye mwenyewe alipomfuata. Halafu upepo unaipeperusha ile shali, na mabega hayana mikono. Tangu mwanzo mwongozaji Ramesh Sippy alikuwa ametufunika macho kwa kitambaa, na hatukushuku. Ukiirudia picha sasa, utamtazama Sanjeev Kumar, aliyemcheza Thakur, kila anapoingia, isipokuwa anapokumbuka ya zamani, na utaona ile shali haimtoki mabegani.

Pamoja na hayo naiweka ya pili, kwa ajili ya mwisho wake. Watengenezaji walipiga mwisho ambao Thakur anamuua Gabbar kwa miguu yake, kwa viatu vyenye misumari. Bodi ya udhibiti ya India ikakataa, na mwaka huo nchi ilikuwa chini ya hali ya hatari. Ikabidi polisi watokee dakika ya mwisho kumzuia. Nikiutazama mwisho ule wa polisi naona mkono wa serikali umeingia ndani ya hadithi, na mtu aliyengoja miaka yote ile ananyang'anywa haki yake mbele ya macho yetu.

Ya kwanza kwangu ni Mother India, ya Mehboob Khan, ya mwaka 1957. Hapo pia kuna mwanamume asiye na mikono: mume wa Radha anapondwa na jiwe wakisafisha shamba, na kwa aibu anatoroka usiku. Mke anabaki na watoto na deni la Sukhilala, mla riba wa kijiji. Anaweka nira begani mwake na kuvuta plau mwenyewe. Nargis, aliyemcheza Radha, ameucheza mwili ule hadi unasikia uchovu wake shingoni mwako. Kisha mwanawe Birju, aliyemlea kwa taabu ile, anageuka jambazi, anamuua mla riba na kumteka binti yake siku ya harusi. Mama anashika bunduki, anampigia kelele asimame, hasimami, anafyatua. Halafu anamkimbilia na kumpakata. Mwisho huo hakuna aliyeubadilisha, na hakuna mwingine ambao ungefaa. Nimeshabishana nao mara nyingi: kwa nini asimwache aende? Kila mara Radha ananishinda.

Ya tatu ni Mughal-e-Azam, ya 1960. Picha ni nyeusi na nyeupe, mara mwigizaji Madhubala anaingia kucheza mbele ya mfalme Akbar, na rangi zinafunguka, na umbo lake linazunguka katika vioo vyote vya dari. Mwaka 2004 waliitia rangi nzima. Tafuteni ya zamani, maana ukiwa na rangi tangu mwanzo, ule mshtuko haupo.

SWALI: Bi Mkubwa, kila siku Wahindi tu. Za kwetu huzioni?
Msomaji wa Likoni

JIBU: Naziona, dada yangu, na ya nne yangu ni ya Kiswahili: Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, ya 2021, kutoka riwaya ya Adam Shafi. Ni Zanzibar ya wakati wa Mwingereza; Yasmin anakimbia ndoa ya mzee na kukutana na Denge, mpigania uhuru. Raha yangu ni kusikia mtu akinong'ona kwa lugha yangu bila kusoma maandishi chini ya kioo. Ya tano ni Subira ya 2018, ya msichana wa Lamu anayetaka kuogelea baharini na watu wanamkataza. Hiyo haijazifikia zile za juu, maana hadithi ikiondoka Lamu inapungua nguvu. Lakini msichana yule na maji ya bahari, mimi kipande ninacho.