Suluhu ya mahakamani si ya uwanjani

Msomaji wa Wete, Pemba, anauliza: "Karatasi ya kesi yetu ya shamba la mikarafuu imeandikwa 'shauri limemalizika kwa suluhu nje ya mahakama'. Mjomba anasema suluhu ni kama ya mpira, hakuna aliyeshinda. Kweli?"

Mjomba kachukua maana ya uwanjani. Watangazaji wa mpira huita suluhu mechi iliyokwisha bila bao; timu zikifungana bao moja kwa moja, wengi husema sare. Kwenye sheria hakuna hesabu ya mabao. Suluhu, au sulhu kama tunavyoitamka tuliopita chuo cha Kurani, ni mapatano ya wenye ugomvi wenyewe. Mmoja anaweza kuchukua shamba zima na mwenziwe akalipwa fedha, au hata akaridhia kuondoka mikono mitupu. Madhali wote wamekubali, hiyo ni suluhu. Kinachokosekana hapo ni hukumu, si mshindi.

"Nje ya mahakama" nayo haisemi mlikaa wapi. Mnaweza kuyamaliza barazani kwa sheha, au ndani ya jengo la mahakama hiyo hiyo. Maana yake ni kwamba neno la mwisho halikutoka kwa hakimu. Tena usiichanganye na "kesi imefutwa". Kesi hufutwa na ugomvi ukabaki pale pale.

Neno la kukutega hasa ni usuluhishi. Bara kuna Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi. Humo msuluhishi huwakalisha watu wakazungumza, hawaamulii. Anayeamua ni mwamuzi. Lakini huko huko Bara kuna Sheria ya Usuluhishi ya mwaka 2020, na usuluhishi wa sheria hiyo ni wa kuamua: pande mbili humpa mtu mamlaka, naye hutoa uamuzi unaowafunga, uitwao tuzo (wala hakuna kikombe). Neno moja limebebeshwa kazi mbili, na anayeumia ni msomaji wa kawaida. Mimi ningemwita wa kwanza mpatanishi, wa pili mwamuzi, yakesha.

Kwa hiyo itazame tena karatasi yenu, hasa kitenzi. Ikiwa imeandikwa "wamekubaliana", hiyo ni suluhu. Ikiwa ni "imeamuliwa", ulizeni nani aliyeamua, na kama mlitia saini kumpa kazi hiyo.