Mashine ya baba inakata ikifika alasiri

SWALI

Shikamoo Bibi. Nakuandikia kutoka Makorora, Tanga. Baba yangu ana miaka 74 na anavaa mashine ya kusikia ya kukaa nyuma ya sikio, ile yenye mpira mwembamba unaoingia kwenye kizibo kilichotengenezwa kwa umbo la sikio lake. Asubuhi anasikia vizuri, tunapiga soga kama zamani. Ikifika alasiri inaanza kukwaruza, mara inakata kabisa, na kesho yake asubuhi inarudi yenyewe. Betri zilizokuwa zikifika siku kumi sasa hazimalizi siku nne.

Kaka yangu aliyeko Muscat ametuletea kikopo chenye chembechembe za rangi ya chungwa, akasema tuikaushie humo usiku. Jirani anasema tuifukie kwenye mchele, inatosha. Dukani nikashauriwa kikaushio cha umeme. Baba mwenyewe amekata tamaa. Anasema masikio yake ndiyo yamekwisha, na siku hizi mashine inashinda kwenye mtoto wa kabati. Nifanye nini?

Binti wa Mzee, Makorora

JIBU

Marahaba mwanangu. Kwanza nenda kamwambie baba, leo kabla hajalala, kwamba masikio yake hayajaisha. Sikio lililokwisha halirudi kila asubuhi. Kinachorudi ni mashine iliyolala mezani usiku kucha ikakauka nusu, ikaanza siku ikiwa na nafuu, kisha ikalowa tena. Mimi navaa mbili, mwaka wa kumi na moja sasa, hapahapa Chumbageni, na mchezo huo wa alasiri naujua. Linaloniuma katika barua yako si betri, ni hiyo mashine kushinda kabatini. Mtu mzima akishaambiwa mara tatu kwa siku “hebu rudia”, huacha kuuliza, kisha huacha kukaa barazani.

Maji yanatoka wapi? Hewa yetu yenyewe imebeba bahari, na kaskazi ikivuma na lile fukuto lake hata chumvi ya jikoni inashikana. Juu yake kuna jasho linaloteremka nyuma ya sikio chini ya kofia. Jasho lina chumvi, na chumvi ikibaki kwenye kifaa inaendelea kuvuta unyevu.

Lakini kuna jambo hukuliandika, nami nitakuuliza: baba anapotawadha, mashine anaiweka wapi? Wengi wetu tunaivua kwa mikono iliyokwisha kulowa, tunaitia mfuko wa kanzu, tunapaka maji masikioni kama inavyotakiwa, kisha tunairudisha sikio likiwa bado bichi. Adhuhuri mara moja, alasiri mara ya pili, katikati jasho la mchana. Hesabu mwenyewe ni saa ngapi inakata. Aivue kabla hajafungua bomba, mikono mikavu, aiweke kwenye kikasha chake. Akimaliza apanguse masikio kwa kitambaa kikavu, na kama nafasi ipo aivae baada ya kuswali.

Kesho ikikata, fanya jaribio hili. Ifumbate kiganjani ikiwa imewashwa. Ikipiga mluzi ina uhai. Kisha chomoa mpira pamoja na kizibo, utazame mpira kwenye mwanga wa dirisha. Tone moja la maji ndani ya ule mpira linatosha kuziba sauti yote. Litoe kwa kipulizio kidogo cha mpira, kile cha kubonyeza kwa vidole. Usipulize kwa mdomo, maana pumzi yako nayo ni mvuke. Wala usipulizie upande wa mashine. Mpira uwe umechomolewa kwanza.

Sasa kikopo cha kaka yako. Si kupoteza fedha. Chembechembe zile ni za ukoo mmoja na vile vipakiti tunavyovikuta kwenye viatu vipya, na kazi yake ni kunyonya unyevu wa hewa iliyofungiwa ndani ya kopo, hadi mashine nayo iachie wa kwake. Ndiyo maana kifuniko lazima kikazwe. Kikiwa wazi kidogo tu, zitanyonya hewa ya Makorora yote na kufikia alfajiri hazina nguvu tena. Chembechembe za chungwa zikishashiba kwa kawaida hugeuka kijani, nyingine hupauka. Soma maelezo ya kopo lako ujue zako zinageukaje. Aina nyingi hurudishiwa nguvu kwa joto la oveni, na kiwango cha joto kimeandikwa kwenye kopo. Zichomwe peke yake, mashine isiwemo, wala zisiwe kwenye chombo cha kupikia. Na wajukuu zisiwafikie, wala betri zisiwafikie. Mtoto akimeza betri ndogo ni kukimbia hospitali saa ileile.

Kabla ya kopo, usafi. Hapa ndipo watu wanapokosea, wanadhani kukausha ni kusafisha. Nta ya sikio ikikaushwa palepale ilipo inagandamana, kesho inaziba zaidi. Ipanguse mashine kwa kitambaa laini kikavu, pitisha kiburashi kwenye matundu huku umeiinamisha yatazame chini ili uchafu udondoke, usirudi ndani. Kizibo na mpira wake, vikishachomolewa, vioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, pulizia mpira, viache vikauke usiku kucha. Mashine yenyewe haioni maji, wala spiriti.

Betri itoke. Nasisitiza kwa sababu niliumia: miaka yangu miwili ya mwanzo nilikuwa nafungia mashine kopani na betri yake ndani, pakiti zikanimalizikia bila kuelewa. Betri hizi ni za zinki na hewa. Zina vitundu vidogo vinavyovuta hewa, ndiyo maana zinakuja na stika, na ndani zina majimaji yanayofanya kazi. Unyevu ukizidi unaziba vitundu na kuleta kutu. Ukavu ukizidi unakausha yale majimaji. Kwa hiyo usiku mashine iingie kopani, betri ibaki nje mahali pakavu, na kile kijimlango chake kiachwe wazi ili ndani napo papate hewa. Ukibandua stika ya betri mpya, iache kama dakika tano kabla ya kuitia, ipate kuvuta hewa kwanza. Ukiona ungaunga mweupe au ukijani kwenye vishikio vya betri, usikwangue kwa kisu, mpelekee fundi. (Msomaji mwenye mashine ya kuchaji hana betri ya kutoa, aizime, na asome kijitabu chake kama kopo au kikaushio kinaruhusiwa.)

Mchele, mwanangu, uache uende pilau. Jirani ana nia njema, lakini mchele unanyonya kidogo mno na una vumbi la unga, nalo vumbi linaingia kwenye kipaza sauti. Jua la dirishani, mashine ya kukaushia nywele na ukingo wa jiko, vyote hapana. Joto la namna hiyo linaharibu plastiki na vilivyomo.

Kikaushio cha umeme kinapasha joto la taratibu, vingi vina feni ya kuzungusha hewa, na kwa saa chache hutoa unyevu ambao kopo lingehitaji usiku mzima. Vingine vina taa ya kuua vijidudu, ambayo inafanya kazi pale tu mwanga unapofika, na nta haiondoi. Ni kitu kizuri. Ningekuwa na mzee anayeenda baharini au anayelima juani, ningekinunua bila kusita, na masika mimi mwenyewe natumia. Ila kwa baba yako nisingekinunua wiki hii. Umeme ukikatika usiku hakikaushi, kopo halina habari na umeme. Maliza kwanza wiki mbili za kopo, kila usiku bila kuruka, pamoja na hilo la udhu.

Ikiwa bado inakata, mpeleke kliniki ya masikio wamtazame sikio lenyewe, huenda nta imejaa, na waangalie mpira. Mpira uliogeuka njano na kuwa mgumu hubadilishwa, na ni kazi ya dakika chache. Pamba za vijiti usimtie.

Betri ya kesho andika tarehe kwenye kalenda ya ukutani siku unayoibandua stika. Ikizima, niandikie umefika siku ya ngapi.