Kufungua DjVu kwenye Firefox
Ndugu, umeuliza namna ya kufungua kitabu cha DjVu (aina ya faili la vitabu vilivyoskaniwa) kwenye brauza ya Firefox. Firefox haiwezi kukifungua yenyewe, na zile plagini za zamani (viprogramu vya kuiongezea brauza uwezo) karibu zote ziliondolewa toka toleo la 52 mwaka 2017 kwa hiyo usihangaike kuzitafuta. Kama unatumia Windows weka SumatraPDF, programu ya kusomea vitabu, ni ya bure na nyepesi mno hata kwa kompyuta iliyochoka, alafu ingia setingi za Windows uiambie mafaili ya DjVu yafunguliwe na Sumatra, hapa ndo wengi wanakwama. Ukimaliza daunlodi kitabu kimoja, bonyeza kimshale cha daunlodi pale juu, raitikliki jina la faili uchague mafaili kama hilo yafunguke siku zote. Basi, yanayofuata yatafunguka yenyewe.